Guide alimuuliza dada yangu swali, nikajibu mimi: yaliyotupata Mlima Kenya

Wakuu, niaje.

Mimi hapa ni wa kusoma na kupita. Miaka karibu sita nimecheka na nyuzi zenu bila kuandika hata moja. Leo naandika, na haichekeshi.

Majina nimebadilisha. Hayo mengine yote ni vile yalivyotokea, hata pale yananiumbua. Hasa hapo.

Niiteni Wafula. Naishi mtaa wa Kware, Nairobi, ghorofa ya saba. Nilikata sponji kwa kiwanda cha magodoro Industrial Area miaka minane, halafu mwaka jana asubuhi moja tukaitwa nje kikundi kizima, tukaambiwa mashine mpya imefika na tusirudi kesho.

Dada yangu ni Nekesa. Alikuwa. Bado nachanganya.

Mama yetu alifariki nikiwa na miaka kumi na moja, Nekesa akiwa ishirini na moja. Alinitoa kijijini Webuye akanileta Nairobi, tukaishi kwa mabati Mukuru kwa Reuben, yeye akipika chapati na maharagwe nje ya geti za viwanda. Alinisomesha hadi form four kwa hiyo meza. Nikiwa bado shuleni akapata binti, Faith, baba yake akaenda zake, na bado meza ikawa ile ile. Tulipohamia Kware yeye alichukua chumba ghorofa ya tano, mimi ya saba.

Sasa hiking ilitoka wapi?

Nilipofutwa kazi nilikaa nyumbani miezi minne nikiangalia dari. Jamaa mmoja wa ploti akaniingiza kwa kikundi cha WhatsApp cha watu wa mtaa wanaopanda milima. Wengi ni watu wa viwanda na wa maduka, hakuna mtu ana kitu. Nilipenda. Ukiwa unapanda hakuna mtu anakuuliza unafanya kazi wapi.

Nikamwambia Nekesa aje siku moja twende Ngong. Akasema, "Nitaenda. Hata mimi nataka mahali hakuna mtu ananiitisha chapati."

Wakuu, alitushinda wote. Mwanamke wa miaka arobaini na moja, na viatu vya raba vya mitumba ya Gikomba. Kwetu maji hayafiki juu, kila siku anabeba mtungi wa lita ishirini hadi ghorofa ya tano na hapumziki kwa ngazi. Ngong ilikuwa mchezo kwake. Alitungoja juu kama anatungoja stage.

Hii ishikeni vizuri, nitairudia: alikuwa na nguvu kunishinda.

Kikundi kikapanga Mlima Kenya, siku tatu, wikendi iliyokuwa na holiday Jumatatu. Tulikuwa watu saba. Tukapata guide anaitwa Gichuki, mtu wa huko chini ya mlima, na msaidizi wake, mpishi na wapagazi.

Pale getini Gichuki alituweka kwa duara akatuambia kitu kimoja. Alisema, "Mtu kichwa kikimuuma na atapike, anashuka saa hiyo hiyo. Na kama amekuja na mtu wa familia, huyo anashuka naye. Sitaki mjadala huko juu. Mlima utakuwa hapa mwaka ujao."

Sisi wote, "Sawa, sawa."

Siku ya kwanza ilikuwa tamu. Tulitembea kwa msitu, mianzi inaoza kando ya njia, nyani wanatuangalia. Nekesa alikuwa anaimba nyimbo za kanisa na wapagazi wanamwitikia. Kambi ya kwanza tulifika mapema, tukapiga hema, tukala wali na kabichi. Alisema kichwa kinamgonga kidogo. Nikamwambia ni jua.

Siku ya pili ndiyo mlima ulijitambulisha.

Kwa wale hawajaenda, njia tuliyotumia ina mteremko mrefu wa kinamasi. Unapanda wima, lakini chini ni matope na mafundo ya nyasi. Unakanyaga fundo, linageuka, unaingia hadi gotini. Unatoa mguu, kiatu kinataka kubaki. Masaa mawili hivi. Halafu mvua nyembamba, ile ya baridi haionekani lakini ikifika jioni umelowa hadi ndani.

Nekesa aliacha kuimba hapo.

Tulipotoka kwa kinamasi nikaona anatembea kama mtu amelewa. Alienda nyuma ya jiwe kubwa. Nilimfuata. Alikuwa ameinama anatapika. Maji tu, chai ya asubuhi. Wenzetu walikuwa wametangulia na Gichuki alikuwa mbele kabisa, msaidizi naye yuko nyuma anasaidia msee mwingine kiatu chake kimefunguka soli.

Nilimpa maji. Akasukutua.

"Wafula," akasema, "nataka kurudi. Kichwa hiki si cha kawaida."

Wakuu, nataka niandike nilichomjibu neno kwa neno.

Nilimwambia, "Dada, jikaze. Tumebakisha kidogo."

Aliniangalia tu. Halafu akajikaza. Alikuwa amejikaza maisha yake yote, ningemwambia nini kingine ajue kufanya?

Alitapika mara mbili tena kabla tufike kambi ya pili. Mara zote mbili nilisimama katikati yake na wengine, kama vile unamkinga mtu akibadilisha nguo. Nilijiambia namwekea heshima.

Mnauliza kwa nini. Nimejiuliza pia, na jibu ni dogo hadi naona aibu kuliandika.

Nilitaka kitu kimoja nikimalize. Kiwandani nilikuwa naenda kuwa supervisor, haikufika. Nilianza kozi ya umeme, haikufika. Kulikuwa na msichana tulikuwa tunaongea mambo ya kuenda kwao, nilipofutwa kazi ikaisha. Nikiwa kwa ule mteremko kichwa changu kilikuwa kinasema sentensi moja tu, kwamba hii nayo usiachie njiani. Na Nekesa akishuka, mimi nashuka.

Hiyo ndiyo sababu. Hakuna nyingine.

Kambi ya pili iko kwa bonde, kilele kiko hapo juu kinakuangalia. Baridi yake inauma hadi meno. Tulifika jioni ya saa kumi. Nekesa aliketi juu ya begi lake, mimi nikaketi kando yake, bega kwa bega, nikimpangusa mikono.

Gichuki alikuja na kile kifaa kidogo cha kubana kidole, cha kupima oksijeni. Alikuwa anapitia kila mtu. Akabana kidole cha Nekesa, akaangalia, akakitoa. Akamsugua vidole kwa viganja vyake, akabana tena.

"Iko chini," akasema. "Lakini vidole ni barafu, hii kitu hudanganya mkono ukiwa baridi." Akachuchumaa mbele yake. "Mama, unajisikia aje? Umetapika leo?"

Nekesa akafungua mdomo.

Nikajibu mimi.

"Hapana," nikasema. "Ni uchovu tu. Hata lunch amekula vizuri."

Gichuki hakuniangalia mimi, alimwangalia yeye. Alingoja. Nekesa akafunga mdomo, akatikisa kichwa kidogo. Unaweza kusema alikubali, unaweza kusema alitikisika na baridi.

"Sawa," Gichuki akasema. "Lakini kesho juu hapandi. Anapumzika hapa na mpishi, tukirudi tunashuka wote. Na usiku akibadilika, niamshe."

Alipoenda, Nekesa akaniuliza polepole, "Kwa nini umesema hivyo?"

"Dada, ni kesho tu. Saa sita tunashuka."

Alifunga macho hadi nikadhani amelala akiwa ameketi. Kisha akasema, "Haya. Lakini ukienda, ufike kabisa. Usiniletee hadithi ya nusu."

Nilicheka. Na yeye alijaribu kucheka, ikatoka kikohozi.

Hicho kikohozi nilikisikia tena na tena ndani ya hema. Nilimwekea sweta yangu juu ya blanketi. Nilijiambia ni homa ya baridi. Sikuenda kumwamsha Gichuki.

Tulitoka kulipoanza kupambazuka. Nilimwinamia nikamwambia tunaenda. Alifungua macho akasema nendeni. Kupumua kwake kulikuwa kwa haraka, kama mtu ametoka kukimbia. Niliona. Nikafunga zipu ya hema.

Pale juu ni changarawe na mawe yanayoteleza. Unapanda hatua mbili, unarudi moja. Hewa haitoshi, moyo unagonga kwa masikio. Msee mmoja alikaa chini akalia, mtu mzima, fundi wa kuchomelea vyuma. Mimi sikusimama. Niliweka macho kwa viatu vya Gichuki nikawa nahesabu.

Na nikafika.

Wakuu, sitawadanganya kuwa nilifika na moyo mzito. Nilifurahi. Ukungu ulifunguka kidogo nikaona mabonde chini kama nguo imekunjwa, na nikapiga kelele kama mtoto. Niko na picha nimeinua mikono yote miwili, meno yote nje. Ni picha nzuri. Sijawahi kuonekana mzuri hivyo. Saa ile inapigwa, dada yangu alikuwa anazama ndani ya mapafu yake mwenyewe, na mimi ndiye niliyefunga zipu.

Tukiwa tunashuka, kabla hata tuone mahema, tukakutana na mpishi anapanda mbio. Mtu wa mlima akikimbia kupanda, jua kuna kitu.

"Wafula ni nani?" akauliza. "Dada yako simwelewi. Alisema anataka kulala, nikamwacha. Sasa nimempelekea uji, hawezi kukaa."

Nilianguka mara tatu kwa hayo mawe.

Nekesa alikuwa amelala upande. Midomo ilikuwa imegeuka rangi, kama ya mtu amekula zambarau. Akivuta hewa ilikuwa inatoa sauti ya uji ukichemka. Kando ya mdomo kulikuwa na povu, na lilikuwa la pinki.

Nilimshika uso. Macho yake yalizunguka yakanipata.

"Umekula?" akaniuliza.

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho ambayo nilielewa. Yaliyofuata yalikuwa Kibukusu, na alikuwa anaongea na mama.

Gichuki hakuuliza kitu. Alimpa hewa ya chupa ndogo aliyokuwa nayo, akapiga simu ya redio, akaita wapagazi sita. Walimfunga kwa machela. Gari lingekuja hadi kambi ya kwanza, haliwezi kupita hapo, kwa hivyo yote ilikuwa miguu.

"Haraka," Gichuki alikuwa anaita. "Haraka, haraka, badilishaneni, haraka."

Walikimbia. Sijawahi kuona watu wanakimbia hivyo na mzigo. Ule mteremko wa kinamasi walishuka wakiingia hadi magotini, mmoja akianguka mwingine anashika mti wa machela kabla haijagusa chini. Mimi nilikuwa nyuma, nimeshika begi lake. Hakuna kitu nilifanya isipokuwa kubeba begi.

Katikati ya kinamasi Gichuki akawasimamisha. Aliweka vidole vyake kwa shingo ya Nekesa. Akaviacha hapo muda. Akarekebisha blanketi ikafika kidevuni.

Kisha akasema, "Twendeni. Sasa polepole."

Hakuna mtu aliniambia. Ilikuwa hiyo tu. Polepole.

Daktari alieleza baadaye kuwa mapafu yalijaa maji kwa sababu ya urefu wa mlima. Nilimuuliza kama angeshuka siku ya pili mchana ingekuwaje. Alisema wengi wakishushwa mapema wanapona. Alisema taratibu sana, kama anaogopa nitamrukia. Pia alisema huo ugonjwa hauchagui mwenye nguvu na dhaifu, mtu wa mazoezi anaweza kuanguka na mzee mnene akapita.

Tulimzika Webuye.

Gichuki alikuja. Alitoka huko kwao akavuka nchi nzima, akasimama mbele ya watu na kofia mkononi. Alisema, "Mimi ndiye nilikuwa na kazi ya kuona kama mama ni mgonjwa. Nilimuuliza, lakini sikuona. Naomba familia inisamehe."

Wamama wakamfuata wakamshika mkono. Mjomba akamwambia asijilaumu. Watu walilia.

Mimi nilikuwa nimeketi kwa kiti cha plastiki, hatua tatu kutoka kwake. Nilisikia kila neno. Nilinyanyuka na mimi nikaenda nikamsalimia, nikamwambia, "Pole, brother. Si makosa yako."

Hata hapo. Nilikuwa na nafasi ya wazi na nikatoa sentensi ya kunisafisha mimi.

Faith alihamia kwangu. Ana miaka kumi na saba, yuko form three. Msichana mkimya. Alikuwa anafua hadi nguo zangu bila kuambiwa. Aliweka ile picha yangu ya kileleni kwa simu yake kwa sababu alisema ni mara ya mwisho mama yake alikuwa hai na mimi nilikuwa na furaha. Kila akifungua simu naiona.

Karibu mwaka umepita hivyo.

Halafu mwezi jana mtu wa kikundi akataja kwamba Gichuki aliacha mlima. Sai anavunja kokoto kwa machimbo. Alikuwa ameambia wenzake hajiamini tena kuangalia mtu na kujua ni mzima.

Hiyo ndiyo ilinivunja. Nilimpigia simu. Nikamwambia kila kitu, jiwe, mara tatu, vile nilivyomkinga, vile nilivyojibu.

Nilikuwa nasikia nyundo za watu wengine huko nyuma.

Mwishowe akasema, "Nilikuwa nimechuchumaa mbele yake. Nilikuwa naweza kungoja dakika moja zaidi."

"Gichuki, nilikudanganya."

"Nimesikia," akasema, na akakata. Nikipiga tena haishikwi. Kwa hivyo hata ukweli haukumrudishia kitu. Nilifikiri ungemtoa mzigo. Umempa tu wa pili.

Jumapili iliyofuata nikamwambia Faith. Tulikuwa tumetoka kanisa, alikuwa anakata sukuma. Nilimwambia akae. Nilisema yote bila kusimama, kwa sababu nikisimama singeendelea.

Hakulia. Aliweka kisu chini. Akaniuliza kitu kimoja.

"Mama alikusikia ukijibu?"

"Alinisikia. Tulikuwa tumeketi pamoja."

"Na hakusema ni uongo?"

"Hakusema."

Akasema, "Kwa hivyo hata kama alikuwa anajua anakufa ama hakuwa anajua, hakutaka uaibike mbele ya watu."

 

Aliingia ndani akatoa begi. Akampigia simu shangazi yake wa upande wa baba, anaishi mtaa wa Lucky Summer, akaenda kwake. Sukuma ilibaki kwa meza imekatwa nusu. Wiki tatu sasa. Nimeenda mara mbili, shangazi anafungua mlango kidogo anasema msichana anasoma. Nasikia redio ndani, na najua yuko hapo anasikia sauti yangu.

Nimejifunza nini? Mtu wako akisema anaumwa, huo ni ukweli wake, si wako wa kupanga. Usimjibie mtu aliye na mdomo. Na ukiwa mlimani, kichwa kikiuma na utapike, shuka. Usingoje kesho saa sita. Yule atakayekwambia jikaze, hata kama ni mimi, hata kama anakupenda, muulize anajikazia nani.

Hiyo ndiyo faida ya huu uzi kwenu. Kwangu hakuna.

Sasa nisaidieni na hili, kwa sababu kejani ni mimi na kuta tu. Niende Lucky Summer nibishe tena, ama nimwachie mtoto nafasi yake hata kama ni milele? Walio na watoto, walio wadogo waliolelewa na dada, semeni. Kama kuna mtu alikosewa kitu kama hiki, yeye ndiye nataka kumsikia zaidi. Ulitaka mtu huyo aje, ama ulitaka apotee?

Matusi pia nitasoma, yote, sitajibu.

Ombi langu ni moja tu. Usiandike kwamba siku yake ilikuwa imefika. Haikuwa imefika. Ilikuwa Jumapili, saa kumi jioni, na mtu alimuuliza swali.